Siro mbili za mafua ndani ya mtoto mmoja



Mwezi wa sita umefika Buluo. Asubuhi baridi, mchana vumbi la malori, usiku watoto wanakohoa nyumba kwa nyumba. Darasani kwangu naona jambo lingine: mtoto ambaye jana alijibu vizuri, leo amelaza kichwa juu ya dawati. Nikimuuliza, anasema, "Madame, mama alinipa siro."

Sina haki ya kumsema mama huyo. Mwaka jana mimi mwenyewe nilifanya kosa kubwa zaidi. Mtoto wangu wa mwisho, wa miaka mitatu, alishikwa na mafua. Nilimpa siro ya kikohozi niliyonunua. Pua ilipoendelea kuziba, nikampa nyingine iliyobaki kwa dada yangu, ya kufungua pua. Nikajiambia: hii inalaza, ile inaamsha, zitakatana. Usiku ule hakulala kabisa. Macho yalikuwa makubwa, anaongea ovyo, ngozi ya moto na kavu, na nilipoweka mkono kifuani, moyo ulikuwa unapiga kama wa ndege aliyeshikwa. Tulikimbia naye kituo cha afya. Muuguzi alisoma chupa zote mbili kwa taa ya simu, akanionyesha kwa kidole: dawa zilezile zilikuwa ndani ya zote mbili. Nilikuwa nimempa dozi mara mbili, mimi mwalimu ninayefundisha watoto wa wengine kusoma. Walimwangalia hadi asubuhi. Alipona.

Siro nyingi za mafua zina dawa za aina mbili. Ya kwanza ni antihistamini, inayokausha makamasi na kutuliza chafya. Kwenye kartoni ya Kifaransa tafuta chlorphéniramine, prométhazine au diphénhydramine. Hizo ndizo zinazolaza watoto juu ya dawati. Ya pili ni dawa ya kufungua pua: pseudoéphédrine au phényléphrine. Inabana mishipa midogo ya damu puani ili uvimbe upungue. Lakini ukiinywa haichagui pua peke yake. Inazunguka mwili mzima, tansio inaweza kupanda na moyo kukimbia.

Mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia zote mbili pamoja, siku chache, kwa dozi iliyoandikwa. Ndiyo maana zinauzwa katika kidonge kimoja. Kosa ni lile langu la kuamini kwamba zinakatana. Hazikatani. Hizo antihistamini za zamani nazo zinaweza kuharakisha moyo, na kwa mtoto mdogo mara nyingine zinafanya kinyume: badala ya kumlaza, zinamchangamsha vibaya. Basi moyo wake mdogo unasukumwa kutoka pande mbili.

Wenzetu wa mbali wameanza kufunga mlango. Uingereza, tangu 2009, siro za namna hii hazitolewi kwa watoto chini ya miaka 6. Ufaransa, tangu Desemba 2024, hata mtu mzima hapati pseudoéphédrine bila karatasi ya daktari. Na kuhusu phényléphrine ya kunywa, wataalamu walioitwa na serikali ya Marekani walisema mwaka 2023 kwamba haifungui pua kuliko kidonge kisicho na dawa ndani. Na sisi tunatoa faranga za unga kwa ajili yake!

Mama mwenye tansio asiguse dawa ya kufungua pua bila kuuliza. Mwenye mimba vilevile. Anayenyonyesha ajue kwamba pseudoéphédrine inaweza kupunguza maziwa. Na baba aliyekunywa lutuku jioni asipewe antihistamini ya usingizi juu yake; nadhani hapo hakuna haja ya kueleza sana.

Nitasema tena: someni kartoni. Lakini kartoni nayo inaweza kudanganya. Mwaka 2023, huko Kameruni, ilipatikana siro ya mafua iitwayo Naturcold. Kwenye kartoni: paracetamol, chlorphéniramine na phényléphrine, imetengenezwa Uingereza. OMS ilitangaza mwezi wa saba kwamba ndani yake kulikuwa na diethylene glycol, sumu inayoua figo, hadi asilimia 28.6, wakati kiwango kinachokubaliwa hakizidi asilimia 0.10. Na kampuni iliyoandikwa haikuwepo Uingereza. Kwa hiyo siro ya kwenye meza ya soko, iliyokaa juani, bila risiti, mimi siinunui tena hata kama ni rahisi.

Sasa pua ikiziba tufanye nini? Chemsha maji, yapoe, jaza chupa ya sukre ya santilita 30, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa. Matone mawili matatu kila tundu la pua kabla ya kunyonya na kabla ya kulala. Tengeneza mapya kila siku. Mtoto aliyepita mwaka mmoja anaweza kulamba asali kidogo kwa kikohozi. Chini ya mwaka mmoja, hapana kabisa. Mafua yenyewe yataondoka, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili.

Lakini hesabuni pumzi mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, nendeni kituo cha afya. Pia kifua kikiingia ndani akivuta pumzi, akikataa kunyonya, au akishtuka degedege, nendeni palepale. Bebeni chupa zote mlizompa, hata ile mnayoona aibu kuonyesha.

Kwenye kikao kijacho cha kikundi, kila mama alete siro zilizo nyumbani. Tutazipanga mezani na kusoma pamoja. Wasiosoma Kifaransa waje na watoto wao wa darasa la sita, hiyo nayo ni kazi ya nyumbani.