Banda la Bati na Upepo wa Isiolo

Ndugu mkulima, banda la bati la kuwekea trekta, lile liuzwalo vipande vipande, laweza kusimamishwa kwa siku moja. Lakini hapa Isiolo upepo huingia chini ya paa na kuling'oa, na bati lirukalo laweza kuua mtu. Basi uliza kabla ya kulipa. Bati ni la geji gani? Wengi hudhani nambari kubwa ndiyo bati nene. Sivyo, bati la geji 32 ni jembamba kuliko la geji 28. Misumari ipigwe mgongoni mwa bati, si bondeni maji yapitapo. Na nguzo? Zizikwe futi 2 kwa saruji. Muuzaji akisema zitakaa juu ya udongo tu, usimpe hata senti. Kwa maoni yangu, heri trekta lilale chini ya mgunga.