Hesabu za hasi: mtoto aelewe deni kwanza, kanuni ifuate

Mwanafunzi wa mwaka wa saba anapoanza namba chanya na hasi, mara nyingi hukaririshwa sentensi moja ya Kifaransa: « moins par moins donne plus ». Kanuni hiyo ni ya kuzidisha. Lakini akikuta −3 − 4 ubaoni, anaona alama mbili za kutoa na kuandika +7. Jibu ni −7.

Mtoto huyohuyo hakosei sokoni. Mama mwenye deni la franga 3.000 kwa muuza unga akikopa tena 4.000, anadaiwa 7.000. Akilipa 5.000, linabaki deni la 2.000: −7.000 + 5.000 = −2.000. Muuzaji akimsamehe deni hilo, ni kama amempa franga 2.000. Ndiyo maana kuondoa hasi ni kuongeza.

Njia hii si mchezo wa watoto. Mwaka 628, Brahmagupta wa India aliandika kanuni za namba hizi akiziita mali na madeni.

Huko Uvira na Kalemie kuna mfano mwingine. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 773 juu ya bahari, na kina chake hufika mita 1.470. 773 − 1.470 = −697: sakafu ya ziwa iko chini ya usawa wa bahari.

Kifaransa kibaki, maana ndicho cha mitihani. Lakini mwalimu aanze na deni, kwa Kiswahili. Anayekariri bila kuelewa atakwama kwenye aljebra, kisha atasema hesabu si zake.