Kicheko cha Picha

Picha za kuchekesha za magazetini twazipenda sana. Hata sisi walimu twazitafuta kabla ya habari za serikali. Mchekeshaji akiwa wa kwetu, hapana uchungu: Edward Gitau wa Kenya alimchora Juha Kalulu miaka mingi katika Taifa Leo, na amchekaye juha yule ajicheka mwenyewe. (Ajabu, kwa Wabemba kalulu ni sungura, mjanja kupita wote!)

Lakini mwaka 1930 Le Vingtième Siècle, gazeti la Kikatoliki la Brussels, lilianza kutoa katika kurasa zake za watoto safari ya Tintin katika Kongo, kazi ya Hergé. Humo Tintin aingia darasani mwa misheni, awafundisha watoto wa Kikongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mwaka 1946 Hergé alibadili: somo likawa hesabu, mbili na mbili, wala hapana mtoto anayejibu.

Ukurasa huo tuliwaonyesha wanafunzi wetu hapa Kampemba. Walicheka sana, wakapaza sauti: “Nne!” Mmoja tu hakucheka. Aliuliza: “Mwalimu, mbona mchoraji hakuwaacha wajibu?”