Hataza ya Pampu ya Moyo Darasani

Walimu wengi wa sayansi katika shule za sekondari, wafikapo kwenye manufaa ya safari za anga za juu kwa tiba na maisha ya kila siku, huwatajia wanafunzi orodha ya vitu vya ajabu na kuishia hapo. Orodha yenyewe mara nyingi ina makosa: Teflon iligunduliwa mwaka 1938, na Velcro ilipata hataza ya Marekani mwaka 1955, ilhali NASA iliundwa mwaka 1958. Mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa uvumbuzi ni muujiza wa watu wa mbali. Kwa maoni yangu, yafaa kumpa hataza moja aisome. Hataza ni hati ya serikali impayo mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine wasitengeneze kifaa chake kwa muda maalumu, naye hulipia haki hiyo kwa kufichua namna kinavyofanya kazi.

Napendekeza ile ya Marekani namba 5,527,159, ya mwaka 1996, ihusuyo pampu ndogo ya kuusaidia moyo dhaifu. David Saucier, mhandisi wa NASA mjini Houston, alipandikizwa moyo mwaka 1984 chini ya Dakta Michael DeBakey. Baada ya kupona, wahandisi na madaktari wakaanza kushirikiana. Tatizo lilikuwa hili: mapanga yazungukayo kwa kasi husukuma damu vyema, lakini huzipasua chembe nyekundu, na damu ikituama mahali, huganda. Wataalamu waliokuwa wakikokotoa kwa kompyuta mwendo wa vimiminika katika injini za Space Shuttle walizitumia mbinu zile zile kuchunguza damu, na umbo la pampu likarekebishwa.

Utamu wa somo umo katika madai, yaani sehemu ya mwisho ya hataza itajayo hasa kilicho kipya. Mwalimu ayafunike, wanafunzi watazame picha na kuandika madai yao wenyewe, kisha walinganishe. Wataona upesi kwamba dai pana mno hugongana na pampu zilizokuwapo, na dai jembamba mno humruhusu jirani abadili skrubu moja na kuondoka na kazi yote.

Mjadala hauna budi kufuata. Kazi hii ilifanyika kwa fedha za umma, lakini mwaka 1996 NASA iliipa kampuni ya MicroMed leseni ya pekee. Je, wananchi wametozwa mara mbili? Au ni nani angegharimia majaribio hadi mgonjwa wa kwanza, huko Ulaya mwaka 1998, bila kinga hiyo? Mimi naegemea upande wa leseni, mradi iwe na masharti. Mwalimu asiseme lake mapema. Awakumbushe tu kwamba muda wa hataza hii umekwisha, na sasa yeyote aweza kuitumia.

Wapo watakaolalamikia mtihani na Kiingereza kigumu cha wanasheria. Vipindi viwili, mara baada ya mada ya moyo, vyatosha, iwapo mwalimu atachukua picha ya kwanza na dai la kwanza, na kurasa nyingine kuwaachia watakaoziomba.