Kukaanga Bila Mafuta Si Kosa

Wenzangu wawili wa darasa walinicheka kwa sababu niliandika "kukaanga vitunguu bila mafuta" katika zoezi la tafsiri. Walisema nimejipinga mwenyewe: kukaanga ni mafuta, na pasipo mafuta ni kuoka au kuchoma. Nimelifikiri jambo hilo tangu siku ile, na naona waliokosea ni wao.

Sentensi ilihusu ile mashini inayoanza kuonekana katika nyumba kadhaa za Lubumbashi, yenye kartoni iliyoandikwa "friteuse sans huile". Aliyejipinga hapo ni Mfaransa. Kwake frire ni kupika kitu ndani ya mafuta ya moto, na ndani ya mashini hiyo hamna mafuta ya kuzamisha chochote. Mna waya wa umeme unaotoa joto na feni inayozungusha hewa. Ni tanuri ndogo tu.

Lakini Kiswahili hakikuanzia kwenye frire. Mama anayeuza kalanga hutia kalanga kavu kwenye kikaango juu ya mbabula, anageuza, anageuza, mpaka ngozi iachane. Hakuna tone la mafuta, na sijasikia mtu akisema anazioka. Kahawa nayo hukaangwa hivyo hivyo. Wanaisimu wa Kibantu huweka mzizi wa kale *-kadang-, ambao katika Kiswahili cha pwani umepoteza konsonanti ya katikati, kama ilivyotokea katika kuzaa, ambapo Kibemba kinasema ukufyala. Kilingala kina kokalinga. Nyumbani kwetu tunasema kukalanga, na nilipokuwa sekondari niliambiwa mara nyingi kwamba hicho ni Kiswahili kibovu. Iwe l hiyo imetunzwa au imerudi kupitia Kiluba, si uvivu wa ulimi.

Kiswahili chetu kiliitwa cha jikoni, kwa dharau. Basi tuulize jikoni. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville kwa ajili ya watumishi wa nyumbani wa zamani, katika Kiswahili hicho hicho. Sioni kwa nini sisi tuone haya kukitumia kwa vitunguu.

Niliuliza kwa mama mdogo, ambaye mashini anayo. Tulikata vitunguu viwili vikubwa kuwa pete, tukavichovya katika unga wa ngano, kisha yai, kisha mkate mkavu uliosagwa. (Uji mwepesi wa unga haufai: katika mafuta ya moto ungeganda mara moja, ila hapa unadondoka chini kabla hewa haijaukausha.) Tulipaka mafuta kidogo, kijiko kimoja hivi, tukaweka digrii 190, pete zikiwa safu moja bila kubanana, maana zikibanana zinatoa mvuke na kulegea. Nikamuuliza:

"Mama, hapa unachoma ao unakalanga?"

"Unaona moto wapi? Niko nakalanga."

"Na mafuta?"

"Kwani kalanga unatiaka mafuta?"

Kwake kuchoma ni kukaribisha kitu motoni, na kukalanga ni kukausha kwa joto huku ukigeuza, mpaka kilie kinapotafunwa. Mafuta ni namna mojawapo. Wenzangu watasema mtu mmoja si utafiti, na ni kweli. Lakini na wao ushahidi wao ulikuwa kamusi ya Kifaransa.

Ninalopinga zaidi ni kule kutunga "kikaangio-hewa" mezani, kwa kufuata kartoni neno kwa neno, kana kwamba hewa ndiyo inayokaangwa. Kwa mama mdogo ni mashini ya kukalangia, na jirani zake wanaelewa.

Dakika ya saba umeme ulikatika. Mama mdogo hakulalamika. Alimwaga pete zote kwenye kikaango kikavu juu ya mbabula, akaendelea kuzigeuza. Kaka yangu mdogo akauliza kutoka sebuleni kama zimeiva. "Bado," akamjibu, "ningali nakalanga."