Daftari letu tuliandike wenyewe

Kaka na dada zangu wa hapa Nakivale na wa kambi zingine, pamoja na wafanyakazi wa mashirika mnaotusomaga, leo nataka kusema kitu ambacho vijana wengi hawapendi kusikia: tukipata nafasi ya chuo kikuu, wengi zaidi kati yetu tuchague uhasibu na fedha.

Najua mtakavyojibu. Kila msimu wa kuomba skolashipu najitolea kusaidia wenzangu kujaza fomu, na majibu ni yale yale. Maendeleo ya jamii, kwa sababu ndiyo kazi tunayoiona kwenye mashirika. Uhusiano wa kimataifa, kwa sababu jina lake ni kubwa. Hata anayechagua shahada ya biashara anakimbilia upande wa uongozi. Ukimtajia uhasibu anacheka: ati hiyo ni kazi ya kuhesabu pesa za watu.

Pesa za watu gani? Hapo ndipo sikubaliani.

Angalieni maisha yetu. Tuna likelemba tuliyokuja nayo kutoka Kongo. Tuna masanduku ya akiba yenye kufuli tatu na washika funguo watatu. Tuna maduka, saluni, boda, mashamba. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Na mwaka 2023 WFP ilianza kutugawa kwa makundi hapa Uganda, familia zilizoonekana zinajitegemea zikatolewa kwenye mgao. Maanake biashara ndogo sasa ndiyo chakula cha jioni. Ikianguka, watoto wanalala njaa.

Sasa tuseme kuna mama amenunua gunia la maharage kwa shilingi 300,000, ameliuza lote kwa 390,000. Faida 90,000, anafurahi. Lakini nusu ameuza kwa deni, kwa hiyo mkononi ana 195,000 tu. Gunia jipya bado ni 300,000. Anakopa 105,000 zilizopungua kwenye sanduku, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Wadeni wakichelewa miezi 4, riba ni 42,000. Karibu nusu ya faida imeondoka na hakuna aliyemuibia. Watu watasema amelogwa, au hana bahati. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhasibu angemwambia mapema: mama, faida siyo pesa taslimu, punguza kukopesha. Hilo somo linafundishwa chuoni, lakini linahitajika sokoni kwetu.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 asilimia 25 ya pesa za misaada zitaenda kwa mashirika ya wenyeji kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka huo ukapita, lengo halikufikiwa. Tunalalamika, na tuna haki ya kulalamika. Lakini tujiulize pia: ile pesa ikija kesho, nani kati yetu ataipokea, aiandike, na aitolee maelezo?

Nakijua kikundi kimoja cha vijana, mfadhili alisifu sana wazo lao. Halafu akaomba hesabu zilizokaguliwa za miaka 2. Walichokuwa nacho ni risiti ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyekula hata shilingi moja, ila hakuna aliyeweza kuonyesha hivyo kwa karatasi. Pesa ikaenda kwa shirika la mjini, na wale vijana wakabaki wahamasishaji wa mradi waliouwaza wao wenyewe. Uaminifu bila daftari ni maneno tu.

Wengine watasema lugha na mfumo vinatushinda. Wewe uliyesoma komersiale Kongo, nakuambia uko mbele kuliko unavyodhani. Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na kule hesabu ya kesi ni namba 57. Uganda inafuata viwango vya IFRS, ambavyo havilazimishi namba hizo. Namba zinabadilika, akili ni ile ile: kila shilingi inaandikwa mara mbili, debiti na krediti, kama Luca Pacioli alivyoeleza kwenye kitabu chake kilichochapwa Venice mwaka 1494. Peleka diploma yako ya Serikali UNEB wailinganishe na vyeti vya hapa, halafu uombe chuo.

Kuna swali gumu zaidi: utasoma miaka 3, halafu urudi kambini kujitolea kama zamani? Inawezekana. Sitawadanganya, shahada peke yake haikufanyi mhasibu mwenye CPA, kuna mitihani ya ICPAU baada yake, na kuna waajiri wanaoogopa kitambulisho cha mkimbizi. Lakini mhasibu halazimiki kukaa akisubiri tangazo la kazi. Masanduku 5 na vikundi 3 vikimlipa kidogo kidogo kila mwezi, tayari ana kazi. Tena tunahitaji zaidi ya mmoja, kwa sababu anayeandika daftari hafai kujikagua mwenyewe.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika, asanteni kwa ushonaji na sabuni, zimesaidia wengi. Ila msiishie hapo. DAFI imekuwa ikilipia masomo ya wakimbizi chuoni tangu 1992. Tuambieni wazi kwamba hata biashara na uhasibu ni njia. Mkija na mafunzo ya vitendo, mtuweke pia kwenye ofisi ya fedha, siyo kila siku kupanga viti na kutafsiri. Na mkikipa kikundi cha wakimbizi ruzuku, wekeni ndani ya bajeti mshahara wa mhasibu na gharama ya mkaguzi. Kumuomba mtu hesabu zilizokaguliwa bila kumpa njia ya kuzipata ni kumfungia mlango kwa heshima.

Na wewe kijana unayejaza fomu mwezi huu, usiangalie jina la kozi tu. Uliza kwanza mtaani kwenu nani anajua kusoma daftari la sanduku. Kama hakuna, basi nafasi hiyo ya kazi iko wazi, na inakusubiri.