Mstari kupita juu ya nukta si ushahidi

Kimya changu cha wiki tatu kimeletwa na chembe za jeli, kwa hivyo zile habari za hifadhidata nilizoahidi zitangoja kidogo.

Rafiki yangu tuliyesoma naye chuo kikuu, yeye kemia nami kompyuta, anaandika tasnifu kuhusu maikrojeli za pNIPAM. Hizi ni chembe za polima zilizojaa maji, ndogo hata huzioni kwa macho. Kwenye maji baridi huvimba. Ukiyapasha yakapita nyuzi 32 hivi za Selsiasi, zinatema maji na kusinyaa. Kipenyo kikipungua nusu, ujazo unabaki sehemu moja kwa nane, si mchezo! Pelton na Chibante walieleza jinsi ya kuzitengeneza mwaka 1986, na tangu hapo watu wanaota kuzibebesha dawa.

Aliniletea vipimo 14 vya kipenyo pamoja na mlinganyo wa Flory na Rehner wa mwaka 1943, akasema, "Bwana, niandikie programu." Wazo lenyewe si gumu. Polima inataka kuchanganyika na maji, minyororo iliyofungwa pamoja inakataa kunyooshwa, na chembe inatulia pale mambo hayo mawili yanapolingana. Nikaandika kwa Python. Njia ya Newton ikanichezea shere karibu na nyuzi 32, kwa sababu hapo jibu linabadilika ghafla, nikarudi kwenye njia ya kizee ya kugawa nusu kwa nusu. Inaenda polepole lakini haipotei.

Mstari ukapita juu ya nukta zote. Rafiki yangu akafurahi, akaandika kwenye sura ya nne kwamba matokeo yanathibitisha viungo vimesambaa sawasawa ndani ya chembe. Hapo tukagombana.

Mimi nilikuwa natazama namba ambazo programu ilijichagulia. Tuliacha vigezo vitano huru. Kimoja ni urefu wa mnyororo kati ya kiungo na kiungo, na programu ilisema monoma 63. Sasa fanya hesabu ya kwenye karatasi. Alitumia kiunganishi asilimia 5. Katika molekuli 100, 5 ni viunganishi, na kila kimoja kinashika ncha nne. Hizo ni ncha 20, yaani minyororo 10. Gawa monoma 95 zilizobaki, kila mnyororo unapata 9 na nusu. 63 imetoka wapi? Hata ukisema viunganishi vingine vimepotea bure, ungehitaji zaidi ya vitano kati ya kila sita vipotee. Ukweli ni kwamba vile vigezo vingine vinne vilikuwa vinafidia makosa ya hiki kimyakimya.

Tena kiunganishi alichotumia, BIS, ambacho wengi hukitumia, huungana haraka kuliko NIPAM yenyewe. Kinaisha mapema, kinaacha kiini kilichobana na ukingo uliolegea. Mlinganyo wetu ulidhani chembe ni ileile kote. Huwezi kudhani jambo mwanzoni kisha ukatangaza mwishoni kwamba umelithibitisha!

Simlaumu Flory. Ukitaka tu kujua kipenyo cha nyuzi 28 wakati umepima 26 na 30, mstari wetu unatosha kabisa, ila hata rula ingetosha. Na sisi waandishi wa programu tuna dhambi zetu. Kwa miaka mingi maikrojeli ziliigwa kwenye kompyuta kama kimiani cha almasi, kila mnyororo urefu sawa, na najua sababu mojawapo: ni rahisi kuandika. Mwaka 2017 Gnan, Rovigatti, Bergman na Zaccarelli waliziacha monoma zijiunge zenyewe ndani ya tufe, ovyoovyo. Ni kazi zaidi, lakini angalau chembe hairithi uvivu wa mwandishi.

"Lakini kila mtu anafanya hivyo," rafiki yangu akaniambia. Huenda. Nilimwomba tukaze urefu wa mnyororo kwenye 9.5, kisha tuitabirie sampuli ambayo programu haijawahi kuiona, ya kiunganishi asilimia 2. Mstari ukawa mbaya, unakosa nukta waziwazi. Programu zote mbili zilikosea ile sampuli mpya. Ila ya kwanza ilikosea huku na kule bila mpango, na hii ya pili ilikosea upande mmoja: kwenye maji baridi chembe halisi ilikuwa kubwa kuliko tulivyotabiri, kama vile ningetarajia ukingo uliolegea ufanye. Hilo ni kosa ninaloweza kulifanyia kazi.

Sentensi ya sura ya nne imefutwa. Msimamizi wake hajafurahi, na mimi nimeahidi programu mpya yenye kiini na ukingo kufikia mwisho wa mwezi. Hifadhidata baadaye.